Miaka minane na Ceska: bastola moja ya kujihami na ya mashindano katika hewa ya Pwani

Jina la Ceska halihitaji kuelezwa kwa Mkenya yeyote anayesikiliza taarifa ya habari. Polisi wetu wameibeba kwa miaka mingi, na kila bastola inaponaswa mikononi mwa wahalifu, mara nyingi jina hilo hutajwa. Wachache wanajua kwamba kwa Kicheki neno hilo maana yake ni "ya Kicheki" tu. Jina kamili la watengenezaji ni Česká zbrojovka, yaani kiwanda cha silaha cha Kicheki, na kile cha mji wa Uherský Brod kilianzishwa mwaka 1936. Sisi tulichukua nusu ya kwanza ya jina tukaiacha nyingine, kama kawaida yetu.

Yangu ni CZ 75 BD. Ni zaidi ya miaka minane sasa tangu nipewe cheti cha kuimiliki, kwa sababu kazi yangu hunilazimu kusafiri na fedha za watu. Bastola hiyohiyo ninayoibeba ndiyo ninayoshindania. Wanaoniuliza habari zake ni wa aina mbili. Kuna wafanyabiashara wenzangu wanaotaka kujihami, na kuna vijana waliosikia kwamba kulenga shabaha ni mchezo kama michezo mingine na wanataka kujua unaanzia wapi. Jibu langu kwa wote ni moja. Bastola moja yaweza kufanya kazi zote mbili, lakini hapa kwetu bahari ilipo, bastola haiishii dukani. Ni kazi ya kila siku, na anayetaka kitu cha kumpunguzia hofu bila kumwongezea kazi atafute kingine.

Ni bastola ya namna gani

CZ 75 ilitokea mwaka 1975, kazi ya mhandisi František Koucký. Cha ajabu ni kwamba ilitumia risasi ya milimita 9 Parabellum, wakati Czechoslovakia ilikuwa upande wa Urusi na majeshi ya upande ule yalitumia risasi nyingine, ile ya Makarov. Bastola hii ilibuniwa iuzwe nje, ikaletee nchi fedha za kigeni. Baadaye viwanda vya nchi kadhaa viliiga umbo lake, na hadi leo ni miongoni mwa bastola zilizoigwa mno duniani.

Yote ni chuma. Mtutu una urefu wa milimita 120 hivi, na magazini ya sasa huingia risasi 16. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo 1. Ukiijaza inafika kilo 1 na gramu 200 hivi, kwa hiyo fikiria umejifunga pakiti ya sukari kiunoni na umetoka nayo kutwa nzima.

Herufi mbili za mwisho zina maana. B ni kizuizi cha ndani kinachoushika msumari wa kupigia risasi mpaka kifyatulio kivutwe, ili bastola ikianguka sakafuni isijilipue. D ni kile kiwiko cha pembeni kinachoishusha nyundo kwa usalama wakati risasi imo chemba. CZ 75 B ya kawaida haina kiwiko hicho. Ina komeo la usalama, na mwenyewe ukitaka kuishusha nyundo huku risasi imo ndani, huna budi kuishika kwa kidole gumba na kuvuta kifyatulio polepole. Kwa mkono wenye jasho la mwezi wa Februari, sioni sababu ya mtu kujitia katika mtihani huo kila siku. Anayenunua kwa ajili ya kubeba aangalie herufi hizo kabla ya kuangalia rangi.

Kiunoni

Uzito ndio swali la kwanza, na ndio unaowashinda wengi. Mkanda wa kawaida wa suruali hauufai. Unahitaji mkanda mpana wa ngozi nene au wa plastiki ngumu ndani, na ala iliyokatwa kwa umbo la bastola yako hasa, iliyofunika kifyatulio chote. Ala legelege ya kitambaa, ile ya kuingia bastola yoyote, ni hatari kwa sababu mkunjo wa nguo unaweza kuingia palipo kifyatulio.

Ukiilinganisha na Glock 19, ambayo wenye vyeti wengi huipendelea, tofauti inahisiwa kabla ya adhuhuri. Ile fremu yake ni ya plastiki, inachukua risasi 15, na ikiwa na magazini tupu haifiki gramu 700. Mtu anayeendesha gari kutwa nzima, au mwenye maumivu ya mgongo, ningemwambia aende kwa nyepesi bila kuona haya. Bastola iliyoachwa nyumbani kwa sababu ni nzito haimhami mtu yeyote, na mbaya zaidi, imebaki nyumbani pamoja na watoto.

Kuhusu mavazi: kanzu huficha vizuri kuliko shati, lakini huchelewesha mkono. Chini yake lazima uwe na suruali na mkanda, na ili uifikie bastola lazima upandishe kitambaa kirefu. Shati la nje la kukatwa wima, lisilochomekwa, ndilo linalofaa zaidi. Koti kwa hali yetu ya joto ni kujitangaza. Anayevaa koti Mombasa saa nane mchana kila mtu hujiuliza ana nini.

Msikitini ndipo penye mjadala. Ukirukuu nguo hupanda, na kwenye sijda chuma hukuchoma nyonga. Katika safu iliyobanana, ndugu wa ubavuni huihisi. Wapo wanaoingia nayo wakasali. Mimi siku ya Ijumaa, na siku za maziko na harusi, huiacha ndani ya kasha la chuma. Kuivua na kuiweka mahali pa viatu ni wendawazimu, na kuiacha chini ya kiti cha gari ni kumwekea mwizi zawadi. Ikiwa mahali unapokwenda patakulazimu kuivua, basi imevuliwa tangu nyumbani.

Uwanjani

Mashindano ninayoshiriki ni ya IDPA, Chama cha Kimataifa cha Bastola za Kujihami, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1996. Kenya yana wafuasi wengi, na uwanja wa Kirigiti, Kiambu, unajulikana na kila mchezaji. Kwa sisi wa Pwani maana yake ni safari, lakini sijaujutia hata mmoja wa usiku ule wa barabarani.

Mchezo wenyewe umejengwa juu ya bastola za kawaida, zinazobebwa na watu wa kawaida, kutoka kwenye ala iliyofunikwa na nguo. Kila kituo kina shabaha za karatasi na kisa chake: umekaa garini, umebeba mtoto wa bandia, uko kaunta ya duka. King'ora kinalia, unatoa, unalenga, unasogea nyuma ya kizuizi. Alama yako ni sekunde ulizotumia, na kila pointi unayopoteza kwa kupiga nje ya eneo la katikati inaongeza sekunde moja. Shabaha nyingine huwa zimewekewa alama ya mtu asiye na hatia, na ukimpiga huyo unaongezewa sekunde 5. Shabaha nyingi ziko karibu, ndani ya mita 15.

Hapo ndipo uzito unapogeuka kuwa neema. Kilo moja ya chuma humeza mtetemo, na risasi ya pili huenda palepale ilipokwenda ya kwanza. Kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, wenyewe tunakiita slaidi, katika CZ 75 kinateleza ndani ya fremu badala ya kuifunika kwa nje kama bastola nyingine nyingi. Hukaa chini, karibu na mkono, na mdomo wa bastola haurukiruki. Hasara yake ni kwamba sehemu ya kushika unapotaka kukivuta ni nyembamba. Mkono ukiwa na jasho huteleza. Dawa yake ni kukausha mikono na kuikamata slaidi kwa kiganja chote, si kwa ncha za vidole.

Jambo la pili la kuzoea ni kifyatulio. Risasi ya kwanza, nyundo ikiwa chini, inahitaji mvuto mrefu wa kama kilo 5. Zinazofuata nyundo huwa imeshajipandisha yenyewe, na mvuto ni mfupi, kama kilo 2. Anayeanza hupiga ya kwanza chini kushoto na ya pili juu, akailaumu bastola. Zoezi lake halihitaji risasi wala uwanja: kila jioni, bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zote zikiwa chumba kingine, mdomo ukielekea ukuta mnene usio na mtu nyuma yake, unavuta ule mvuto mrefu mara ishirini bila kuitikisa. Tumia risasi bandia za mazoezi, kwa sababu kuipiga CZ 75 tupu mara elfu huweza kuvunja kipini kidogo kinachoshikilia msumari wake.

Faida kubwa ya mashindano haiko kwenye kikombe. Kule ukielekeza mdomo wa bastola pasipostahili, au ikilia bila kukusudia, unatolewa siku hiyohiyo, uwe nani. Nimeona watu wakubwa wakirudishwa nyumbani na msimamizi kijana, wakaondoka kimya. Kanuni nne alizozieneza Mmarekani Jeff Cooper ndizo sheria ya pale. Ihesabu kila silaha kuwa ina risasi. Usiielekeze kwa usichokuwa tayari kukiangamiza. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga. Ujue unalenga nini na nyuma yake kuna nini. Mtu aliyebeba bastola miaka kumi bila mtu wa kumkemea ananitia hofu kuliko aliyeanza jana akiwa na msimamizi begani.

Chumvi

Watu wa bara wanasafisha bastola baada ya kupiga. Sisi tunasafisha baada ya kuibeba. Upepo wa bahari una chumvi, jasho la mwili lina chumvi, na chuma kati ya viwili hivyo hakina mtetezi. CZ 75 ya kawaida imepakwa rangi ngumu nyeusi inayozuia kutu vizuri, lakini pale rangi inapolika, pembeni mwa slaidi na penye kusuguana na ala, chuma kiko wazi. Ukiweza kupata bastola ya chuma kisichoshika kutu, hapa Pwani fedha ya ziada haijapotea.

Utaratibu wangu ni huu.

Kila jioni: risasi nje, bastola inafutwa kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya silaha. Dakika tano. Sehemu inayogusa mwili hufutwa mara mbili.

Kila juma: magazini hutolewa risasi zote na kufutwa. Kutu hupenda kuanzia mahali pasipoonekana, chini ya kifuniko cha kitako cha magazini na kwenye springi yake. Risasi nazo hufutwa kwa kitambaa kikavu. Ukiona ukijani kwenye shaba yake, itenge.

Kila mwezi, na kila baada ya kwenda uwanjani: inafunguliwa, mtutu unapigwa brashi, njia za slaidi zinapakwa mafuta, skrubu za vishikio zinakazwa.

Wakati wa masika hufanya ya mwezi kila juma mbili.

Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa jasho na unyevu, na dawa zilizotumiwa kuilainisha hula shaba ya risasi. Ala ikae kwake, bastola ikae kwake. Kasha la chuma lisiegemee ukuta wa nje, hasa katika nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe ambazo kuta zake hutoa maji. Ndani yake weka vijifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Kazi yake ni ileile ya punje za mchele tunazotia ndani ya chumvi ya mezani isishikane, na kila baada ya muda unavikausha kwa moto mdogo au unavibadilisha.

Mafuta ya nazi yasikaribie. Huganda kukiwa na baridi kidogo na kuacha gundi inayokamata vumbi. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa dharura, lakini ni mepesi na hayakai dhidi ya chumvi.

Vipuri

Springi kuu ya slaidi huchoka. Wachezaji wengi huibadilisha kati ya risasi 3,000 na 5,000, na mimi hufuata hesabu hiyo kwa kuandika kila risasi ninayopiga katika daftari la shule. Springi ya kurudisha kifyatulio, na kile kipini cha pembeni kinachoshikilia slaidi, ni vitu ambavyo mchezaji wa CZ hubeba akiba, kwa sababu baada ya maelfu ya risasi vinaweza kukatika. Vyangu vya akiba bado viko kwenye pakiti.

Magazini nazigawa. Mbili ni za kubeba, tatu ni za uwanjani zinazoangushwa mchangani, na zote nimezitia namba. Magazini iliyoanguka uwanjani mara mia haistahili kutegemewa usiku barabarani. Wala usimpe fundi wa mtaani bastola akurekebishie kifyatulio kiwe chepesi. Chepesi cha mashindano ni hatari kiunoni, na bastola iendayo kotekote ibaki kama ilivyotoka kiwandani.

Cheti, nyumba na mirathi

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimpi mtu haki ya bastola. Inampa ruhusa, kwa sababu aliyoieleza, na ruhusa hiyo huhuishwa kila mwaka. Cheti hutaja silaha ipi na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Mwisho wa mwaka 2018 serikali iliwataka raia wote wenye silaha wakaguliwe upya na kuingizwa katika sajili ya kidijitali, na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha ndiyo mlango wa kila jambo. Weka tarehe ya kuhuisha mahali unapoiona. Cheti kilichokwisha kinamfanya mtu mwema awe na silaha kinyume cha sheria, na mahakama haimuulizi kama alisahau. Ikipotea au ikiibwa, polisi waambiwe mara moja.

Nyumbani, kasha lifungwe ukutani au sakafuni kwa bolti, na funguo asiwe nazo mtoto wala msaidizi. Wanangu nimewaambia mambo matatu: ukiiona usiguse, ondoka, mwite mtu mzima. Kuwaficha kabisa kwamba ipo hakusaidii, maana mtoto hupekua kilichofichwa kwanza.

Kuna jambo moja ambalo familia zetu hazilizungumzi. Mwenye bastola akifa, bastola hairithiwi kama shamba au minazi. Mjane na watoto hawana cheti, na kila siku inapokaa mikononi mwao wako hatarini. Mimi nimemwandikia mke wangu karatasi: kasha liko wapi, funguo ziko wapi, asiiguse, na apige simu kwa kituo gani cha polisi waje waichukue. Ni ukurasa mmoja, na uko pamoja na wasia. Kila mwenye cheti anayesoma haya aandike wake kabla hajalala leo.

Je, uitafute?

Kwa mashindano, CZ 75 ni mwalimu mzuri. Ni tulivu mkononi, inalenga vizuri kuliko wengi wetu tunavyoweza kulenga, na ule mvuto wa kwanza mrefu humfundisha mtu subira. Kwa kubeba, ni nzuri kwa mwenye mwili na mkanda wa kuistahimili, na si lazima kwa mwingine yeyote. Kwa kazi zote mbili pamoja, naipendelea kwa sababu moja kubwa: mkono uliojifunza bastola moja haubahatishi wakati wa hofu.

Lakini jipigie hesabu ya siku kwanza. Dakika tano kila jioni, saa nzima kila mwezi, safari za uwanjani, springi, risasi, ada, na kuhuisha cheti mwaka hadi mwaka. Ongeza harusi utakazokwenda bila amani mpaka ujifunze kuiacha nyumbani. Ongeza ugomvi wa barabarani ambao zamani ungejibu na sasa huwezi, kwa sababu mwenye bastola ndiye anayetakiwa kuwa wa kwanza kuomba radhi hata kama haki ni yake. Katika miaka hii yote sijaitoa mbele ya binadamu yeyote, na namwomba Mungu miaka iliyobaki ipite vivyo hivyo.

Wafanyabiashara wengi walioniuliza, tulipokwisha kuhesabu pamoja, waliona ni nafuu kutumia malipo ya simu, kubadilisha njia, na kufunga duka mapema. Wachache walioendelea ninakutana nao uwanjani. Hao ndio nisiowahofia.